Laptop ThinkPad T42: kuongeza RAM na kutoa hard disk ya zamani

Wakuu habari, nina IBM ThinkPad T42 nimeipata kwa fundi pale Kilombero hapa Arusha, nataka niifufue tu kwa kujifurahisha, kibodi yake tamu balaa. RAM mwisho ngapi? Na saa inarudi nyuma kila nikichomoa chaja.

Jibu 1
Mkuu mwisho 2GB, ni RAM aina ya DDR ya zamani, kasi ya PC2700, usibebe DDR2 (kizazi kinachofuata) haiingii. Saa ni betri ya CR2032 ila ina waya mbili na soketi yake, pima na multimita, ikiwa nzima isome kama volti 3. Usilehemu moja kwa moja kwenye betri, joto linaweza kuipasua, tafuta iliyochomelewa vibati tayari. Na chaja yake volti 16, usilazimishe ya volti 20.

Jibu 2
Kwenye hard disk ndo utamu ulipo. Hiyo ni IDE (kiunganishi cha diski cha zamani) ya pini 44, SATA (kilichokuja baadaye) haikai, nunua adapta ya mSATA (SSD ndogo kama kadi) kwenda IDE au ya kadi ya CF (CompactFlash, zile za kamera), maana CF yenyewe inaongea IDE haihitaji kutafsiriwa, ila ukiiwekea Windows XP yenye swapu (inayoandika kwenye diski RAM ikijaa) kadi itachoka mapema, mi ningeenda mSATA. Angalia pini kabla hujasukuma, umeme wa volti 5 unapita humohumo, ukipishana safu umeunguza.

Muulizaji
Asante kaka, adapta naagiza Kariakoo ije na basi. Na Moshi nako zipo?

Jibu 1
Sijaziona, agiza tu.