Naomba ushauri: viza ya mwanafunzi na kupiga muziki mtaani London

Wakuu habari, na shikamooni wanaostahili. Natokea Tanga, niko London kimasomo. Baridi nimeizoea, upweke bado. Nyumbani huwezi kupita barazani bila salamu. Huku mnabanana kwenye treni na kila mtu na simu yake.

Kilichonipa nafuu ni wapiga muziki wa kwenye stesheni za treni za chini ya ardhi. Mwanzoni nilidhani ni ombaomba (nyie mngedhani nini?). Kumbe tangu 2003 wana utaratibu rasmi: wanapewa leseni na kupangiwa sehemu za kupigia, zimechorwa kabisa sakafuni. Wengine wana kimashine, unagusisha kadi badala ya kutupa sarafu. Kuna mzee mmoja wa saksafoni tumezoeana. Alipojua napiga gitaa akaniambia siku moja twende tukapige wote South Bank, kando ya mto Thames.

Sasa, viza ya mwanafunzi hairuhusu kujiajiri wala kazi ya kuburudisha watu. Je, nikipiga naye bila kuchukua hata senti, hela zote abaki nazo yeye, bado itahesabika ni kazi? Chuoni nitawauliza wanaoshughulikia viza, ila nataka kwanza nisikie kwa waliopitia. Na kama kuna Waswahili huku wanaokutana kupiga taarabu, hata sebuleni kwa mtu, nielekezeni.

Wa "soma kwanza, muziki baadaye" msijisumbue, mama ameshanipigia simu.