Magrupu ya biashara ya WhatsApp: yamekujenga au yamekuliza? Tupeane uzoefu

Wakuu, nauza dagaa Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza, mwaka wa sita sasa. Grupu moja la ushauri limenitajirisha, na lilelile likanila. Naanza mimi.

Zamani nilikuwa naanika mchangani kama kila mtu. Mjumbe mmoja wa Musoma akatuma picha za chanja: nguzo za miti, wavu juu, urefu wa kiuno. Nikatengeneza. Mnunuzi wa Kongo alizamisha mkono ndani ya gunia langu, akatoa kiganja kimejaa, akapuliza. Hakuna mchanga. Akalipa bila kubishana. Ushauri ule sikuutolea hata senti.

Miezi minne baadaye mtu akaandika kwenye grupu kwamba bei ya Tunduma imepanda. Nikapakia magunia thelathini. Kufika, nakuta nusu ya grupu iko pale, tunatambuana kwa picha za profaili! Bei ilishaporomoka. Na yule mtu hakudanganya, ila tulimsoma watu mia nne.

*

Mdau wa Nyegezi: Pole mkuu. Mimi nafuga samaki, sato wa vizimba. Admin wetu alimwaga hesabu tamu: vifaranga elfu tano, zidisha kwa bei ya samaki mkubwa, haya milioni hizo. Hakuna kifo hata kimoja, na chakula hakimo kabisa, wakati chakula ndicho kinachomeza hela kuliko kitu chochote. Nilipouliza kuhusu chakula, nikatolewa kwenye grupu. Nilikuwa nimeshalipia vifaranga.

*

Mama Igombe: Wanangu, mimi watu wa mbali nawauliza vibali na mifuko ya kufungashia tu, na hapo wamenisaidia sana. Kuna kaka wa Dar aliniambia niwe na mzigo mpya kila wiki, eti kulinda wateja. Nikamwambia mwanangu, mbalamwezi ikiwaka, taa za karabai hazivuti dagaa, wavuvi wako nchi kavu wanashona nyavu. Akanitumia video ya dakika arobaini ya kujiamini. Bando langu likaisha hapo.

*

Mwenye mada: Mama, nimecheka mpaka wateja wananishangaa 😂 Mdau wa Nyegezi, hivyo vifaranga ulivinunua kwa nani?

*

Mdau wa Nyegezi: Kwa admin.