Mkanda wa kamera: wa shingoni, wa pembeni, au nisivae kabisa?

Temeke_Picha: Wakuu habari za jioni. Jumamosi nina kazi na shingo inaniua. Mkanda uliokuja na kamera nimeuchoka. Kuna ule wa kupitisha begani kamera inaning'inia kiunoni, na kuna wa kiganjani. Au nitoe kabisa nishike kwa mkono? Kesho naingia Kariakoo.

Mzee wa Lenzi: Kamera gani? Lenzi gani? Kazi gani? Umekwenda kwa daktari ukagoma kusema panapouma.

BintiChalinze: Toa. Mi napiga video, mkanda unagonga gimbal tu, kile kishikio cha kutuliza kamera.

Mzee wa Lenzi: Dada, mwenzio hajasema kama ni video.

Kaka Shata: Wa pembeni niulizeni mimi. Unafungwa kwa skrubu kwenye tundu la stendi chini ya kamera. Mwezi wa kwanza raha tupu. Ikaja send-off Bagamoyo, nina kamera mbili, moja mkononi, moja inaning'inia kiunoni. Bibi harusi anaingia, mashangazi vigelegele, mimi narudi kinyumenyume napiga. Kumbe ile ya kiunoni kila hatua inazunguka na skrubu inalegea kidogo kidogo. Nikasikia "ko!" kwenye vigae. Filta imesagika, mdomo wa lenzi umepinda. Katoto kakaokota kifuniko kakaniletea, "Anko, hiki chako." DJ hata muziki hakupunguza. Fundi alinila laki tatu na nusu.

Nyamwezi77: Pole, ila hukuwa na kile kikamba cha akiba cha kufunga kwenye pete ya kamera? Skrubu ikitoka, kamera inabaki inaning'inia. Na skrubu inakaguliwa kila mara, kama nati za boda.

Kaka Shata: Kikamba nilikiacha kwenye boksi.

Temeke_Picha: Samahani wakuu, ni Canon 5D Mark III na ile lenzi kubwa ya kuvuta mbali, 70-200 f/2.8 toleo la pili. Harusi, kanisani hadi ukumbini.

Mzee wa Lenzi: Ungeanza na hilo! Bodi (kamera bila lenzi) na betri gramu 950, lenzi gramu 1,490. Kilo mbili na nusu kasoro kidogo, kutwa nzima kwenye shingo. Wa kiganjani usahau. Chukua wa pembeni, ila fungia kwenye pete ya stendi ya lenzi, usifungie kwenye bodi.

MamaPicha_Mbagala: Wowote utakaochukua, usiwe na jina la kamera kwa herufi kubwa. Ukipita nao Posta unawapigia mluzi vibaka wa pikipiki. Wangu nimeshonewa kwa kitenge.

Nyamwezi77: Kwa hao wa pikipiki bora usivae kabisa. Wakivuta, wewe na kamera mnaburuzwa pamoja.

MamaPicha_Mbagala: Ukishika mkononi wanabeba kilaini. Chagua.

BintiChalinze: Kitenge hakichuji rangi ukitoka jasho? Shati langu jeupe la kazi lilishaharibika.

MamaPicha_Mbagala: Kifue kwanza mara kadhaa mpaka maji yatoke bila rangi.

Temeke_Picha: Asanteni. Halafu sikusema, hiyo 70-200 nimeazima, Jumapili narudisha. Yangu ni 50 mm ile ndogo.

Mzee wa Lenzi: 🤦🏾 Sasa mkanda wa nini?

Kaka Shata: Huyo mwenye lenzi anakodisha? Bei gani kwa siku?