Naomba ushauri: kutawadhana miguu kusigeuke maonyesho

Bwana asifiwe, wapendwa. Tunaandaa ibada ya kutawadhana miguu, yaani kuoshana miguu kama Yesu alivyowaosha wanafunzi wake (Yohana 13). Vifaa si shida: beseni na jagi kwa kila jozi, maji ya uvuguvugu yanayomiminwa juu ya mguu, kila mtu na taulo lake, na maji yamwagwe kabla jozi nyingine haijakaa. Panapokwama ni kupanga jozi. Watu wakichagua wenyewe, wazee wa kanisa hutawadhana wao kwa wao na wafagiaji wao kwa wao. Wakipangiwa, mchungaji anaishia kupiga magoti mbele ya kamera. Halafu kuna akina Petro, yule mwanafunzi aliyekataa kwanza kuoshwa na Yesu: kuosha wanakubali, kuoshwa hawataki (nacho ni kiburi, kimejivika tu unyenyekevu). Je, kupanga jozi kwa kura (kuokota majina bila kuchagua) kunafaa? Na simu mnazizuiaje?