Tupeane uzoefu: Wakala wa ajira kati ya mwajiri anayelipa na mwombaji anayehama

Mwanzisha mada, Arusha

Ndugu zangu, habari za kazi. Ninaendesha ofisi ndogo ya uwakala wa ajira hapa Arusha, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuzitafutia watu hoteli na kambi za wageni, kuanzia mjini hadi Karatu. Naomba tusimuliane kwa ukweli jinsi kila mmoja wetu alivyokabiliana na jambo hili: ofisi inalipwa na mwajiri, lakini anayeacha kazi yake na kuhamisha maisha yake ni mwombaji. Unapataje riziki bila kumwumiza mmoja wao?

Nianze na langu. Mwaka juzi mwezi wa Mei, masika yakielekea kwisha na kila kambi ikijiandaa kwa msimu wa wageni unaoanza Juni, mteja mmoja alihitaji mpishi mkuu msaidizi ndani ya siku kumi. Tulikubaliana ada ya mshahara wa mwezi mmoja na nusu, ilipwe yote siku mtu anaporipoti kazini, nami nikadhamini kwamba akiondoka kabla ya miezi mitatu nitaleta mwingine bila malipo. Nilimpata dada mmoja aliyekuwa na miaka minne katika hoteli ya Moshi. Aliniuliza mambo mawili: kama atapewa siku za kurudi nyumbani kila baada ya wiki sita, kwa kuwa anamuuguza mama yake, na kama jiko lina watu wa kutosha. La kwanza nilimjibu kwamba litazungumzika. La pili nilijua jibu lake, kwa maana wapishi wawili walikuwa wameondoka pale ndani ya mwaka mmoja, nami nikanyamaza. Nilikuwa nadaiwa pango la ofisi la miezi miwili, na ada ile ingelilipa lote.

Alikaa wiki tano. Ilinibidi nitafute mpishi mwingine katikati ya Julai, wakati wapishi wazuri wameshashikwa, kwa gharama yangu, na mteja hakurudi tena. Hata hivyo hasara yangu ni ndogo nikiilinganisha na yake. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinasema kwamba masharti ya kumlinda mfanyakazi dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki hayamhusu mtu ambaye hajatimiza miezi sita kwa mwajiri huyo huyo. Nilipomtoa Moshi nilimvua kinga aliyokuwa nayo na kumrudisha siku ya kwanza, nami nilikuwa naijua sheria hiyo kuliko yeye. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

Afisa utumishi wa hoteli, Moshi

Kaka, ahsante kwa kusema wazi. Mimi niko upande wa mteja, na nakiri kwamba sisi waajiri tunachangia. Kwa miaka mingi nafasi moja tulikuwa tukiwapa mawakala wanne kwa pamoja, kwa sharti kwamba ni yule tu ambaye mtu wake ataajiriwa ndiye atakayelipwa. Tuliamini ushindani utatuletea watu bora, kumbe tulikuwa tunawakimbiza tu. Siku moja wasifu wa mtu mmoja ulinifikia kutoka ofisi tatu, kila ofisi ikidai kuwa ndiyo iliyompata, na nilipompigia mwenyewe alishangaa, kwa kuwa hakuna aliyemtajia hoteli yetu. Tangu ilipotungwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kuzungusha wasifu wa mtu bila ridhaa yake si utovu wa adabu tu.

Wakala anayejua kwamba huenda asilipwe hata shilingi kwa kazi ya wiki mbili hawezi kutenga siku nzima ya kuwapigia wadhamini wa mwombaji na kuwauliza maswali ya maana. Sasa tunampa wakala mmoja nafasi hiyo kwa wiki tatu na tunatanguliza theluthi ya ada. Pia namwandikia hali halisi: zamu zilivyo, idadi ya watu katika idara, na sababu ya aliyetangulia kuondoka. Mkurugenzi wetu alilipinga hilo la mwisho, akisema tunajianika. Mhudumu wa mapokezi tuliyempata kwa njia hiyo yuko katika mwaka wake wa pili.

Mhasibu, Arusha

Nilipomaliza chuo, ofisi moja ilinitoza shilingi 30,000 za fomu na kunitaka niahidi nusu ya mshahara wa kwanza. Sikuitwa kwenye usaili hata mmoja. Ofisi inayoishi kwa ada za fomu haina haja ya kumfikisha mtu kazini, mradi foleni mlangoni isikatike. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, umeweka katika kifungu cha 7 kanuni kwamba wakala asimtoze mfanyakazi ada, iwe waziwazi au kwa njia ya kuzunguka, lakini wakati ule nani angeniambia?

Wakala wa pili hakunitoza kitu. Alinipigia simu kunieleza kwamba nimekosa nafasi na kwa nini: mwajiri alitaka mtu aliyezoea hesabu za kampuni za utalii. Nikajitolea miezi michache katika ofisi ya jamaa anayepeleka wageni mlimani, na wakala yule yule ndiye aliyenipatia kazi niliyo nayo.

Wakala wa ajira, Moshi

Mwanangu, nimefanya kazi hii muda mrefu, na naomba tusiliruke suala la fedha, kwa sababu hapo ndipo nia njema hushindwa. Ada ya asilimia ya mshahara, kwa mhudumu wa vyumba, hairudishi hata nauli na muda wa simu. Matokeo yake wakala humkimbilia meneja na kumtelekeza mhudumu. Mimi nimeweka kiwango cha chini kisichotegemea mshahara, nikapoteza wateja wawili, wengine wakabaki.

Tena liangalie lile sharti la dhamana. Linamlinda mwajiri mfanyakazi anapoondoka, lakini halisemi lolote mwajiri anapokiuka barua ya ajira. Katika mkataba wangu, mtu akiondoka kwa sababu mshahara ulichelewa au kazi si ile iliyoandikwa, sileti mwingine bure.

Mwanzisha mada

Shikamoo mama. Hilo la barua ya ajira naliingiza kwenye mkataba wangu wiki hii. Kwa sasa ada yangu naipokea kwa mafungu matatu: siku ya kuripoti, baada ya siku 30 na baada ya siku 90, na kabla ya kila fungu nampigia mwajiri na aliyeajiriwa pia. Wiki hii mteja mmoja anataka mwongoza wageni anayezungumza Kifaransa, na ameniomba nisitaje kwamba mishahara ya msimu uliopita ilichelewa. Nimemjibu leo asubuhi kwamba nitaitaja, na bado sijapata jibu lake. Ninyi mnaopokea ada kwa mafungu, miezi miwili ya mwanzo mnaivukaje?