Anayeshika mkia darasani apewe kazi ya nyumbani kama wenzake?

Mwalimu wa Hesabu: Mimi nasema hapana. Mtoto ametoka darasani hajaelewa kujumlisha sehemu, unampa maswali ishirini akafanye nyumbani. Atajumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili, 1/2 + 1/3 apate 2/5, na ataendelea hivyo hadi swali la ishirini. Kesho yake kosa limeshakuwa mazoea. Nimesahihisha madaftari ya namna hiyo miaka mingi, na kung'oa kosa lililozoeleka ni kazi kubwa kuliko kufundisha upya. (Wanaoleta majibu yote sahihi kwa mwandiko wa kaka mtu, tuwaache kwanza.)

Mtafiti Harris Cooper na wenzake, huko Marekani, walipitia tafiti za kazi za nyumbani za 1987 hadi 2003. Walikuta wanaofanya kazi ya nyumbani hufaulu zaidi, lakini hilo lilionekana wazi kwa wa sekondari. Kwa wadogo uhusiano ulikuwa hafifu.

Mama wa Wawili: Mwalimu, shikamoo. Wa kwangu aliwahi kusamehewa kazi. Unajua alivyoelewa? Kwamba ameshakatiwa tamaa, tena mbele ya wenzake. Punguza maswali yawe matano, la kwanza umfanyie hadi mwisho apate pa kuangalizia. Ila usimwache mikono mitupu.

Mwalimu wa Hesabu: Marahaba, mama. Hilo la aibu sikulipima, nakiri. Ila sikusema asifanye. Nasema asifanye peke yake. Takwimu za 2012 za PISA, upimaji wa kimataifa wa wanafunzi, zilionyesha wanafunzi wa miaka 15 wa familia zenye uwezo wakitumia saa 1.6 zaidi kwa wiki kwenye kazi hizi kuliko wa familia duni. Ufaransa tangu 2017 ina mpango wa wanafunzi wa sekondari ya chini kumalizia kazi shuleni, wakiwa na mtu wa kumuuliza.

Mpita Njia: Na huyo wa kuulizwa analipwa na nani?

Mwalimu wa Hesabu: Kwangu halipwi mtu. Robo ya mwisho ya kipindi wanaanza kazi mbele yangu. Aliyekwama swali la kwanza namwona palepale, nakaa naye. Yanayobaki, kama ameshashika njia, ndiyo yanaenda nyumbani.

Mpita Njia: Robo ya kipindi kila siku! Silabasi unaimaliza kweli?

Mwalimu wa Hesabu: Siimalizi vizuri. Mwaka jana mada mbili za mwisho tulizipitia mbiombio.