Mjusi kafiri wa Kyela na wa Brazil: ndugu wa damu au wanafanana tu?

Mpakia Mchele (Mbeya)
Wakuu, za jioni. Napakia mchele Kyela nashusha Mwanjelwa, mwaka wa kumi huu. Juzi stoo nafungua gunia, kwenye mshono nakuta mayai mawili meupe, makubwa kidogo kuliko njegere, yamegandia uzi kama yamepigwa gundi. Kubandua moja likapasuka: ndani kajusi kamejikunja, macho tayari yapo. La pili nimeliweka kwenye kopo la siagi. Mama watoto kanuna.

Sasa picha nikamrushia binamu yangu anayesoma Bahia, Brazil. Akanijibu kwa picha ya ukuta wa bweni lake: mjusi yuleyule! Kijivu, mkia una pete nyeusinyeusi, vidole vimechanua. Hawa wana undugu wa damu au ni kufanana tu? Bahari yote ile alivukaje? Halafu Kyela taa ikiwaka wanapishana ukutani kama watu wa gulioni, mbona kwangu Uyole Juni yote sioni hata mmoja?

Kijana wa Tukuyu
Tupa hilo kopo mzee. Nikiwa mdogo bibi alimpiga mmoja na kandambili, mkia ukabaki sakafuni unacheza wenyewe. Mpaka leo nikilala najifunika mpaka kichwa.

Mwalimu Kihesa
Kamwene. Usilitupe, kaka, hana sumu huyo. Kwenye gunia lako kuna nusu ya jibu.

Wa Bahia na wa kwetu wote wanaitwa Hemidactylus mabouia, na asili yao ni Afrika. Kichekesho ni kwamba jina hilo alilitoa Mfaransa, Moreau de Jonnès, mwaka 1818, kwa mijusi ya visiwa vya Karibiani. Yaani mtoto wetu kaandikiwa cheti cha kuzaliwa ugenini.

Mwaka 2021 ulitoka utafiti wa vinasaba uliokusanya mijusi hii kutoka sehemu zaidi ya 120: Afrika, Madagaska na Amerika. Wakakuta huyu tunayemwita mmoja anaweza kuwa hata spishi 20. Kati ya hizo, 14 ziko ukanda wa Zambezi, nchi za miombo. Lakini wote waliopimwa Amerika ni wa ukoo mmoja tu, ule uliozoea kukaa na watu. Huenda walivushwa na meli za biashara ya watumwa. Yai lina ganda gumu, halikauki upesi, linaganda popote: gogo, pipa, mshono wa gunia. Wewe mwenyewe umeshawasafirisha Kyela hadi Mwanjelwa bila nauli.

Uyole ni baridi tu. Damu ya mjusi inafuata joto la mahali alipo, na huyu anawinda usiku. Usiku wa Juni huko kwenu hata mbu wanajificha.

Mpakia Mchele (Mbeya)
Ndaga fijo, mwalimu. Kwa hiyo wa Kyela ni ukoo uleule uliovuka?

Mwalimu Kihesa
Kwa picha siwezi kukuapia. Hizo koo kwa macho zinafanana sana, ndiyo maana walienda kwenye vinasaba. Na kufanana kunadanganya pande zote mbili. Yupo yule mdogo wa mchana, Lygodactylus, anayekimbiakimbia kwenye miti. Naye ana ndugu Brazil, ila hao walivuka mamilioni ya miaka kabla ya meli yoyote, wataalamu wanaona walielea juu ya magogo. Njia moja, safari mbili tofauti kabisa.

Ninayempenda mimi yuko milima yetu ya Udzungwa: Urocotyledon rasmusseni, aliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 2006. Ncha ya mkia wake ina kigandishio kama cha vidole, anashikia nao. Ndugu zake wa jenasi hiyo utawakuta Usambara, Kameruni na Shelisheli. Huyo hajawahi kupanda gunia la mtu, anataka msitu wake.

Kijana wa Tukuyu
Mkia wa kushikia tena?! Natoka kwenye huu uzi.

Mpakia Mchele (Mbeya)
Haha. Kopo nimelihamishia nyuma ya friji, pale penye joto. Mama watoto hajajua. Likianguliwa naleta picha, na huyo mtoto narudi naye Kyela Jumanne, kiti cha mbele.